Kiwanja Chote, Juu na Chini

Asubuhi ile Edina alifagia uwanja wote isipokuwa kona ya nyuma. Alianzia mlangoni, akashuka na ufagio wake wa chelewa mpaka kwenye ua wa matete, akazunguka choo, akapita chini ya dirisha, na alipofika pale kwenye kona akauweka ufagio chini, akapiga magoti, akaanza kung'oa maua kwa mkono. Yalikuwa yamechomoza juzi tu baada ya mvua ya kwanza, yale maua mekundu ya duara yanayotoka ardhini kabla ya majani yake. Kila mwaka yalitoka majira haya, na kila mwaka aliyaacha. Leo aliyang'oa moja moja pamoja na viazi vyake, akayapanga kwenye beseni, akalifunika kwa kanga.

Dafrosa, binti yake wa miaka minne, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Akauliza mbona mama anang'oa maua ya kaka.

"Mgeni anakuja," Edina akamjibu. "Mgeni hapendi maua."

Kaka mwenyewe alikuwa Felisian, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Alizaliwa masika ambayo mvua ilikata njia, akapokelewa na mikono ya majirani, na hakumaliza wiki mbili. Akina mama watu wazima walisema mtoto ambaye bado hajatolewa nje hapelekwi makaburini na kundi la wanaume. Huzikwa na wanawake, nyuma ya nyumba, karibu na mama yake. Jembe lilikuwa la jirani, Mama Teodosia, na yeye ndiye aliyechimba. Hakikuwapo cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. Kwenye karatasi za serikali Edina alikuwa na mtoto mmoja tu, Dafrosa.

Ukutani, upande wa barabara, yaliandikwa kwa rangi ya bluu maneno NYUMBA INAUZWA na namba ya simu. Rangi ilikuwa imeanza kuliwa na jua. Mwaka wa kwanza walikuja watu watatu kuangalia, wakasifu matofali ya kuchoma, wakaomba maji ya kunywa, wakaenda zao. Mwaka wa pili hakuja mtu. Nachingwea watu hununua nyumba msimu wa korosho, fedha ikiwa bado ina joto, na korosho ikishuka bei hata huo msimu hupita kimya. Kwenye mtaa wao peke yake kuta nne zilikuwa na maandishi kama yale.

Ruangwa mambo yalikuwa kinyume. Tangu watu waanze kusikia habari za madini ya kinywe, chumba kimoja kilidaiwa kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo, na mwenye nyumba hakuwa na haja ya kubembeleza mtu. Jastin, mume wake Edina, alikuwa mlinzi huko kwenye ghala la mafuta. Alilala chumba kimoja na wanaume wenzake wanne na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, akibahatika. Yeye ndiye aliyepata boma, nyumba ambayo kuta zake zilikuwa zimefika kwenye lenta lakini haina paa. Mwenye boma alikubali milioni saba. Walitanguliza milioni moja, iliyotokana na mbaazi za miaka miwili na baiskeli, na yule mtu akawapa mpaka jioni ya leo. Jioni ikipita, boma linakwenda kwa mwingine na kitangulizi hakirudi.

Kwa hiyo leo ilikuwa lazima nyumba iuzwe. Milioni nane ndiyo bei waliyokubaliana na mnunuzi kwa simu.

Kosa lake Edina, kama ni kosa, alilifanya mwezi uliopita. Alikuwa amesoma madarasa ya jioni, akamaliza, na mwalimu wao alipenda kuwaambia kuwa raia anayefuata utaratibu hawezi kulala njaa ya haki. Edina aliliamini neno lile kwa moyo wote. Akavaa gauni lake la kanisani, akaenda ofisi ya mtaa kuuliza namna ya kumhamisha mtoto wa kiume aliyezikwa nyumbani ampeleke makaburi ya parokia, ili nyumba iuzwe kwa heshima. Mtendaji, Bwana Alfred, alimsikiliza vizuri tu. Akamwambia itatakiwa barua ya bwana afya, kibali cha juu, mafuta ya gari la kumleta huyo bwana afya, na watu wa kufukua. Kisha akauliza, kama anayeuliza hali ya hewa, kwani mtoto huyo alizikwa kwa kibali gani. Edina akasimama, akasema alikuwa anamuulizia rafiki yake. Bwana Alfred akacheka kwa upole na kumtakia siku njema.

Wageni walifika jua likiwa limepanda. Bakary, dalali, alitangulia na simu mbili mkononi. Nyuma yake alikuja Mzee Eustace, mkulima wa korosho kutoka Kiegei, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Alitaka nyumba ya mjini kwa ajili ya wajukuu wake wanaosoma sekondari. Bwana Alfred alikuja mwisho na faili lake kwapani, maana mauzo hayakamiliki bila mhuri wake, na mhuri wake ulikuwa na asilimia yake. Edina aliwawekea viti na soda tatu alizokopa dukani. Mama Teodosia alikuja kama shahidi wa mpaka. Mama yule hakujua kusoma, alisaini kwa dole gumba, lakini mipaka ya mtaa ule aliijua kuliko ramani.

Desturi ya huku, kabla fedha haijatoka mfukoni, ni kuutembea mpaka kwa miguu, wote kwa pamoja, na mnunuzi huuliza maswali yake akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe. Wakautembea. Mzee Eustace aliuliza kama kuna ndugu anayedai fungu. Hakuna. Kama kuna mkopo uliowekewa dhamana. Hakuna.

"Kaburi?"

"Hakuna," Edina akasema.

Mzee Eustace akamgeukia shahidi. Mama Teodosia alivuta kanga yake begani, akatazama mbali, upande wa barabara.

"Hakuna kaburi hapa, baba. Haki ya Mungu."

Wakaendelea. Edina alihisi miguu yake myepesi, kama mtu aliyevuka mto usiku. Mzee alichungulia choo, akasema hiki kimejaa. Edina akakubali, kweli kimebaki kidogo kujaa. Mzee akatazama huku na huko, kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya nyuma.

"Basi kipya nitakichimba pale. Naona udongo wenyewe umeshalainishwa."

Bakary akaokota mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampa mzee aupime udongo. Mzee akausimamisha kwenye mashimo madogo yaliyoachwa na maua. Edina alikuwa akiitazama ile ncha. Alijiambia kwamba chuma hakitafika chini kiasi hicho. Alijiambia kwamba Ruangwa kuna boma, na jioni iko njiani, na Dafrosa anahitaji kulala nyumba moja na baba yake. Mzee akaunyanyua mtaimbo kwa mikono miwili.

"Usichome hapo, mzee wangu."

"Kuna nini?"

"Mwanangu yupo hapo."

Hakuna aliyeshtuka. Hilo ndilo aliloliona kwanza. Bakary alikuwa akitazama simu, Bwana Alfred akitazama chupa yake ya soda. Mzee Eustace akashusha chuma taratibu, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Huyo wa kiume, siyo?"

Edina hakuwa amesema wa kiume, isipokuwa siku ile ofisini. Alimtazama mtendaji, na mtendaji akapiga funda la soda.

Mama Teodosia ndiye aliyesema. "Mlikuwa mnajua. Mlijua, mkaniacha mtu mzima nikaapa."

"Bibi, usichukie, hii ni biashara," Bakary akasema. "Mteja lazima ajue ananunua nini. Nisingemwambia mimi, kesho angeninyofoa roho. Mimi natafuta mkate tu hapa."

Mzee Eustace alionekana kuona aibu kidogo, lakini ilikuwa aibu ya mtu aliyekwisha piga hesabu zake tangu nyumbani. Akasema yeye si mtu mbaya, na yeye ana watoto aliowazika. Lakini fedha ya korosho hawezi kuirusha.

"Nisikilize, mwanangu. Kwa nane, kiwanja ni changu chote, juu na chini, na choo nachimba ninapotaka. Kwa nne, hapo sipagusi. Nitapaacha kama palivyo. Chagua wewe."

Edina aliomba ruhusa, akaenda mbele ya nyumba kumpigia Jastin. Simu ilipokelewa katikati ya ngurumo za malori. Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alipomaliza aliitazama simu kuona kama salio limekwisha.

"Nne haifiki kwenye boma," Jastin akasema.

"Najua."

"Nane inafika."

"Najua, baba Dafrosa."

Lori likapita huko Ruangwa, mlio wake ukaisha.

"Mimi hata kumshika sikumshika vizuri," akasema. "Nilikuwa njiani. Amua wewe, Edina. Utakaloamua sitakuuliza."

Afadhali angegomba. Angesema uza, ama asingesema kitu. Edina aliikata simu, akasimama kidogo chini ya maandishi yake ya bluu. Alipiga hesabu ya mwisho, na ilikuja vilevile. Kwa nne hakuna boma na hakuna nyumba. Kwa nane kuna nyumba, na kila asubuhi kuna watu wanaokwenda kujisaidia juu ya kifua cha mtoto wake.

Akarudi nyuma.

"Siuzi."

"Sista, usilete hasira kwenye dili," Bakary akasema. "Mwakani hapa hupati hata mbili. Korosho yenyewe si unaiona inavyokwenda?"

"Sina hasira, kaka. Siuzi."

Mzee Eustace hakubembeleza. Aliuegemeza mtaimbo ukutani pale pale ulipokuwa, akavaa kofia, akashukuru kwa soda. Nyumba zilikuwa nyingi. Alipotoka alisimama barabarani na Bakary, na Bakary akamwonyesha ukuta wa tatu kutoka pale.

Bwana Alfred alibaki kwenye kiti. Alimaliza soda yake, akafungua faili, akatoa kitabu cha notisi na karatasi ya kaboni.

"Mama Dafrosa, na mimi nina wakubwa zangu," akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mwezi huu tunadaiwa makusanyo. Nilikwisha waambia leo kuna mauzo. Tena ningenyamaza, lakini umesema mwenyewe, mbele ya mashahidi. Kuzika kwenye makazi bila kibali. Faini laki moja."

"Sina laki moja."

"Mpaka mwisho wa mwezi utakuwa nayo. Jina la marehemu?"

Kuku wa jirani alipita akichakura pale kwenye udongo laini, na Mama Teodosia akamfukuza kwa mguu.

"Jina la marehemu, mama."

"Felisian. Felisian Jastin Chilumba."

Mtendaji akaandika. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, Edina akaitaja. Akauliza ya kufariki, akaitaja. Jina la baba. Jina la mama. Mahali alipozikwa. Kalamu ilikwenda polepole, ikikandamiza ili kaboni ishike chini, na Edina aliisogelea bila kujua, akawa ameinama juu ya bega la mtendaji kama mwanafunzi. Hakuna mtu wa serikali aliyewahi kumuuliza maswali yale. Alipokwenda na kadi ya kliniki baada ya msiba, nesi aliichukua, akaikunja na kuiweka pembeni, akaita mwingine.

Bwana Alfred akapiga mhuri, akachana nakala ya chini, akampa.

"Naomba ile ya juu," Edina akasema.

"Ya juu inabaki ofisini."

"Hii haisomeki vizuri. Naomba ile yenye wino."

Mtendaji alimtazama akidhani anatafutiwa ugomvi. Hakuona ugomvi, aliona mikono miwili imekingwa. Labda jua lilikuwa limemchosha, labda ni kitu kingine. Aliichana ile ya juu, akampa, yeye akabaki na ya kaboni.

"Mwisho wa mwezi," akamkumbusha, akaondoka.

Ujumbe wa Jastin uliingia kabla ya jua kuzama. Boma limechukuliwa na mtu wa Malolo, kalipa taslimu. Kitangulizi hakirudi, kama walivyoambiwa. Kuhusu mwisho wa mwezi hajui kama atapata ruhusa ya kuja. Amsalimie mtoto. Edina aliusoma mara moja, akaiweka simu dirishani.

Mama Teodosia alikuwa amekwisha rudi na jembe lake. Alifunua beseni. Maua yalikuwa yamelegea, vichwa vimelala, lakini viazi vyake vilikuwa bado vigumu. Wakavifukia kimoja kimoja, Dafrosa akimwagia maji kwa kikombe cha uji. Si vyote vingeshika, wote wawili waliona.

"Karatasi inasemaje?" Mama Teodosia akauliza.

Edina akapangusa vidole kwenye kanga, akaitoa kifuani.

"Jina la marehemu, Felisian Jastin Chilumba. Baba, Jastin Chilumba. Mama, Edina Saturnini. Amezikwa nyumbani kwao, Nachingwea."

Mama Teodosia alisikiliza akiwa ameegemea mpini.

"Soma tena."

Edina akasoma tena, akianzia kwenye jina, akiishia kabla hajafika kwenye kiasi cha faini.