Punje ya Mchele

Katika ofisi ya hali ya hewa walimwita Mama Mawingu, na hakuna aliyemshinda kwa kueleza dhoruba. Wakubwa walipenda tarakimu. Yeye alipenda vyombo vya jikoni. Juu ya ramani ya mezani aliweka kifuniko cha sufuria: hicho ndicho kimbunga, kilomita mia nne toka ukingo hadi ukingo. Kizibo cha soda kilikuwa mvua ya radi, kilomita kumi na tano hivi. Chamchela, ule upepo unaozunguka kama pia, aliuwekea punje moja ya mchele, na bado alisema punje yenyewe imezidi ukubwa.

"Ogopeni kifuniko," alitangaza redioni asubuhi ile. "Punje isiwababaishe."

Watu wa bondeni walimsikia, wakahamia ukumbi wa shule kule mlimani, jengo pana la bati lenye nguzo chache. Mumewe naye alimbeba binti yao wa miaka sita, akaenda. Kimbunga kingefika jioni.

Saa saba mchana, kwenye skrini ya rada, aliona doa likijikunja pembezoni mwa kimbunga. Upana wake haukuzidi mita mia mbili, na lilielekea shuleni. Ndipo alipokumbuka jambo alilolijua tangu chuoni, lakini alikuwa amelifunika kwa utani wake mwenyewe: upana wa dhoruba hausemi nguvu zake. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu mguu ulikuwa wa mwanawe. Aliogopa hata akakosea namba ya simu mara mbili.

"Baba watoto, tokeni ukumbini! Ingieni vyooni, stoo, popote penye kuta za zege!"

"Kimbunga si cha jioni?"

"Hii ni chamchela. Mna dakika kumi!"

Mumewe akacheka, maskini. "Ile punje? Mke wangu, watu mia mbili wamekaa hapa kwa neno lako. Nikiwatoa nje kwenye mvua kwa ajili ya punje, watanila mbichi."

"Niweke kwenye kipaza sauti."

Akawekwa. Ulimi uliokuwa ukichekesha nchi nzima safari hii haukutania. "Ni mimi, Mama Mawingu. Asubuhi niliwapotosha bila kukusudia. Hiyo ndogo inaua. Nina mtoto humo ndani. Nawaomba, kimbieni!"

Akasikia viti vikianguka, watu wakiitana, mlango ukibamizwa. Kisha mvumo mzito ulioikaribia simu hadi ukaimeza. Kisha laini ikakatika. Alihesabu pumzi zake, akapotea, akaanza upya. Mwenzake wa meza ya pili alimshika bega.

Simu ikaita.

"Tupo wote," mumewe alisema huku akihema. "Tumebanana vyooni, lakini tupo. Ukumbi umeezuliwa, hakuna hata bati moja. Barabara imezibwa na miti."

Mama Mawingu akalia kwa sauti, akamshukuru Mungu. Kisha akasikia simu ikipokonywa.

"Mama, ndogo imepita," binti yake alisema. "Ile kubwa inakuja saa ngapi?"

Akatazama skrini. Zilibaki saa nne.