Kinamasi Chaomba Kura

Kabla ya alfajiri, mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni kwa Bibi Spès, kule Ndera. Alipowasha taa, alikuta kinamasi kimeingia ndani. Mafunjo yake yalikuwa yameinama yasiguse dari, na korongo wenye taji walisimama kando ya jiko, kimya, wasije wakawaamsha wajukuu.

Ni kinamasi cha bondeni, chini ya nyumba yake. Ni mali ya umma, na asubuhi hiyo kamati ya wabunge ingepiga kura ama kuendelea kukilinda, ama kuwaachia wajenzi wakifukie. Hakikujua njia ya mjini. Spès alivaa umushanana wake wa kuendea harusini, akakisindikiza.

Kwenye geti la Bunge, askari Niyonzima alitandika gunia ili kijifute matope.

"Mukecuru, bibi yangu, na vyura nao wanaingia?"

"Ni wa nyumba moja."

Akashika mlango mpaka chura aliyekuwa akichechemea akapita. Mambo kama hayo Spès hayasahau.

Alikuwa amelelewa Tanzania, kwa hiyo mbele ya kamati aliomba kusema Kiswahili. Katibu wa kamati, Mukunde, msichana mpole ambaye kinywani mwake r na l ni herufi moja, alisimama akatangaza kwamba mukecuru na kinamasi wanaomba kula.

Wabunge walifurahi, maana ombi lilikuwa jepesi. Zikaletwa sambusa na chai ya maziwa. Spès alimshukuru aliyemimina, kisha akasogeza sahani pembeni.

"Kura," alisema. "Tunaomba kura."

Mwenyekiti, Mheshimiwa Rwema, alitabasamu. "Mama, kinamasi hakipigi kura."

"Ndiyo maana tumefuata zenu. Mvua ikinyesha, maji ya vilima vyote hulala kwake. Mkikifukia, yatakuja kulala kwenu."

Rwema alisema kwamba mifereji itachimbwa. Maji ya kinamasi yalikuwa yamewafika magotini. Wabunge walikunja suruali, mmoja akaweka mkoba wake juu ya meza, wakaendelea. Mikono yote ilinyoshwa kwa ajili ya wajenzi. Mukunde, ambaye hana kura, alinyosha wake kwa ajili ya kinamasi. Haukuhesabiwa. Spès aliuona.

Hakulia wala hakuinuka. Alisema yeye na mwenzake wataondoka wakichoka, na hawajachoka. Kinamasi nacho kilibaki kitini mwake, na korongo mmoja akaanza kupanga vijiti vya kiota juu ya kipaza sauti. Walikaa hivyo hadi ofisi zilipofungwa.

Mgeni haachwi aondoke peke yake, hata mgeni wa namna hiyo. Rwema aliwasindikiza mpaka getini, viatu mkononi, na pale akasema kwa sauti ndogo maneno ambayo kila mwenyeji humwambia mgeni.

"Sema kwa nguvu, Mheshimiwa," Spès alisema. "Mwenzangu yuko nyuma bado, na akikaribishwa hurudi."

Rwema alitazama mafunjo yakitoka mlangoni, akakohoa.

"Mtutembelee tena," alisema.