Plagi Tatu

Mama yake Huseni alifariki Kabwe, kabla ya adhana ya alfajiri. Kulsumu, dada yake, alipiga simu kusema maziko yangekuwa baada ya adhuhuri, na nafasi ya kichwani wamemwachia yeye, mtoto mkubwa, aingie kaburini ampokee mama yake. Kutoka Sumbawanga asubuhi moja inatosha, mradi gari liwe zima. Huseni akavaa koti, akatoka uani.

Ilikuwa Julai, na Landikruza ilikuwa imetota umande. Akawasha. Stata ikazungusha injini kwa nguvu, moshi mweupe ukafuka nyuma, lakini injini haikushika. Akarudia. Moshi uleule.

Majuma mawili nyuma, mkewe Hasna alimwambia gari linasumbua asubuhi. Huseni, aliyesomea ufundi wa magari na kuufanyia kazi kabla ya kuingia kwenye biashara ya mahindi na dagaa, hakulipuuza neno hilo. Alilipima gari. Ila alilipima Kabwe, alikokuwa amelala na mzigo, na kule ziwani liliwaka kwa mguso mmoja.

"Nimelipima, halina kitu," alirudi akamwambia.

Sasa jirani yao Ambwene, Mnyakyusa wa ofisi za halmashauri, alitoka amejitanda blanketi.

"Shehe, hilo gari limezoea joto la ziwani kama mwenyewe! Lipe chai kwanza."

Huseni akamweleza msiba. Ambwene akashika mdomo.

"Nisamehe, ndugu yangu. Pole sana. Basi natoa pikipiki sasa hivi nikuwahishe stendi. Gari la Namanyere bado halijatoka, na pale hukosi usafiri wa kuteremkia Kabwe."

"Stata inazunguka. Dizeli inafika, ndiyo maana moshi mweupe," Huseni alijibu, akiwa ameshafungua boneti. "Kimebaki kitu kimoja tu. Nikikijua, litawaka."

"Baba Naima, nenda na pikipiki," Hasna alisema kutoka mlangoni. "Au basi niweke jiko la mkaa chini ya injini, kama wanavyofanya wenye matrekta."

"Huwezi kutibu usichokijua. Niletee taa ya kupimia."

Ambwene alisubiri, funguo mkononi, mpaka wakasikia honi ya basi ikipita barabara kuu. Ndipo akazirudisha funguo mfukoni.

Huseni alifungua waya wa plagi za kupashia, zile zinazotia joto ndani ya silinda kabla injini haijawaka, akazipima moja baada ya moja. Taa iliwaka kwa ya kwanza. Kwa ya pili ikabaki giza. Zilikuwa sita, na tatu zilikuwa zimekufa. Kule ziwani hewa yenyewe ilikuwa na joto la kutosha kuzisaidia zile tatu nzima. Huku juu, haikuwa nalo. Kwa muda mfupi alisikia raha ya fundi aliyepatia. Kisha akakumbuka kwamba maduka ya vipuri yalikuwa bado hayajafunguliwa.

Hasna alileta jiko bila kuagizwa. Wakalisukuma chini ya sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, wakangoja. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mapaa injini ilipokohoa, ikatetemeka, ikashika.

Kabwe alifika watu wakirudi kutoka swala ya alasiri. Kulsumu alimpokea nje, macho yamevimba.

"Tuliongeza muda, kaka. Mashehe wakasema maiti hasubirishwi. Mume wangu akashika nafasi yako ya kichwani."

Huseni alikwenda makaburini na mdogo wake Rahim. Udongo ulikuwa bado mbichi. Wakaomba dua, wakasimama.

"Gari lilikuwa na nini?" Rahim aliuliza.

"Plagi za kupashia. Ya pili, ya nne na ya tano." "Jirani alitaka kuniwahisha basi la asubuhi. Nikakataa. Nilitaka kwanza nijue ubovu uko wapi."

Rahim aliinamisha kichwa.

Huseni akaangalia huku na huku, akaona ndoo pembeni ya kaburi.

"Nipe maji ninyunyize."

"Tumeshanyunyiza, kaka," Rahim alisema.