Kiingereza cha Wetherill Park

Bigirimana alifika Sydney mwanzoni mwa 2020 akitokea kambini Tanzania, akaandikishwa darasa la Kiingereza, na wiki ya sita tu korona ikalifunga. Walimu wakahamia kwenye kompyuta, yeye akahamia ghalani Wetherill Park. Huko wafanyakazi waligawanywa vikundi visivyokaribiana, naye akaangukia kwa watu saba wa Hong Kong. Kwa mwaka mmoja na nusu, nje ya nyumbani, karibu hakusikia Kiingereza kingine ila chao. Dukani alilipa kwenye mashine, na ibada ilikuwa ya Kiswahili, kwenye simu.

"Scan jo mei?" Mama Lau, mkongwe wa kikundi, alimuuliza siku ya kwanza, akimwonyesha mashine ya kusomea lebo. Yaani, umeshaskani au bado? Miezi mitatu baadaye Bigirimana alikuwa anatema check jo, load jo, lunch jo mei, bila kuuma ulimi. Kazi ya kuvunja mgongo ni chur. Mtu wa kujivutavuta, huyo ana-hea. Akajiona Mwaustralia kamili.

Nyumbani Doonside hakuna aliyemwamini. Binti yake Belyse, miaka kumi na mitano, huelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, na ndiye aliyepokea simu zote za benki na za serikali kwa niaba ya baba, huku akipandisha macho darini. Macho hayo yalimuuma Bigirimana kuliko mgongo. Kwa hiyo Septemba 2021, kikundi kilipohitaji kiongozi, aliomba kazi hiyo ili mwanawe amwone mtu mzima, si mzigo wa kubebwa. Mtihani ulikuwa kuwapa wenzake maelekezo ya asubuhi, kwa Kiingereza, meneja akisikiliza.

Jumapili mchana akasimama mbele ya televisheni, akakohoa, akamwaga hotuba yake yote. Belyse alicheka mpaka akateleza kwenye kochi.

"Dad, that's not English," akasema. "Half of it is Chinese."

Bigirimana akakaa. Aibu ilimpanda hadi masikioni; mwaka mmoja na nusu wa kujisifu, kumbe. Belyse alipouona uso wake akaacha kucheka, akachukua daftari, akamwandikia mistari kumi ya Kiingereza cha shuleni. Wakaikariri mpaka jioni.

Jumatatu meneja akajitenga pembeni na kalamu yake. Bigirimana akafungua karatasi.

"Good morning, team. Before we commence, I have important information."

Wenzake wakaganda. Ghalani mle Kiingereza cha namna hiyo kilizungumzwa na mabosi tu, tena siku ambayo mtu amekutwa na korona na wote wanarudishwa nyumbani wiki mbili. Mmoja akapandisha barakoa hadi chini ya macho, mwingine akarudi nyuma hatua tatu. Mama Lau alishaubeba mkoba wake.

"Bigi," akauliza kwa sauti ya msiba, "who?"

Bigirimana akachungulia mstari uliofuata. Ulianza na neno health, yaani afya. Akaikunja karatasi.

"No corona," akasema. "Boots check jo mei? Forklift check jo mei? Today very chur. Don't hea."

"Jo la," yaani tayari, wakaitikia wote kwa mkupuo, wakicheka kwa kushusha pumzi. Mama Lau aliutua mkoba, akamkaripia kwamba asirudie tena kuwatisha watu wazima, na nusu dakika baadaye kila mtu alikuwa mahali pake.

Meneja akauliza hiyo ilikuwa lugha gani. Ukweli ulikuwa mrefu mno kwa Kiingereza chochote alichokuwa nacho.

"English," Bigirimana akajibu. "Wetherill Park English."

Meneja akaguna. Viongozi wawili waliotangulia, akasema, walizungumza vizuri sana, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukagua buti kwa ajili yao. Akaandika kitu.

Jioni Belyse alikuwa akimsubiri mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu waingie nchi hii, hakupandisha macho.

"Baba," akauliza, "get jo mei?"

Bigirimana akachomoa kizibao cha kiongozi kwenye begi, akakivaa juu ya koti.

"Jo la," akasema.

Simu ikaita, namba ya benki. Akampa Belyse, naye akaipokea akitabasamu.