Friji Isiyogandisha

Dada mtu alikuwa ameshakata shauri. Safari ipo, na gari ni lile kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, ambalo sasa lilikuwa na kitanda, kabati na mapazia. Mapazia aliyashona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Bi Futi, maana futikamba haikumtoka shingoni hata siku ya kwenda arusini.

Ilibaki friji tu, na haikuwa friji ya soda. Bi Futi alikuwa na kisukari. Akiba yake ya insulini ilitakiwa ikae kwenye ubaridi wa kati ya digrii mbili na nane. Ikipata joto inaharibika, na ikiganda inaharibika vilevile.

Mdogo wake, fundi umeme wa magari, alimsindikiza dukani huku kimoyomoyo akiomba isipatikane friji ya kufaa. Hakutaka dada yake alale njiani peke yake na ugonjwa ule. Alishajaribu kumkataza, akaambulia kicheko.

"Wewe nimekubeba mgongoni," dada alimwambia. "Leo ndiyo unipande kichwani?"

Mwenye duka aliwapokea kwa mikono miwili. "Karibu mama, mashine ndiyo hii! Weka nyama, geuka kidogo tu, imeshakuwa jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe kabisa, mama. Mwizi akija unampiga nalo."

"Basi si yangu. Dawa yangu ikiwa jiwe, mwizi utakuwa wewe."

Fundi akageukia ukutani kuficha kicheko.

La pili lilikuwa sanduku jepesi la plastiki, la kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Bi Futi akatoa kipimajoto kwenye mkoba, akakitia ndani pamoja na chupa ya maji, akataka sanduku lichomekwe garini, palepale juani.

"Mama, wenzako huwa wanapima kwa macho," mwenye duka alilalamika.

"Kwa macho nimeshona suruali moja tu maishani. Mwenyewe mpaka leo haniamkii."

Akaomba kiti, akaketi mlangoni, akatoa foronya na sindano. Wateja waliopita walidhani ni wa hapo, wakamuuliza bei za pasi na feni, naye akawasomea vibandiko bila kinyongo. Sasa Bi Futi hayupo tena duniani. Ndugu wakikusanyika husimulia alikofika na alichokiona huko. Mdogo wake yeye humwona pale mlangoni, miguu imenyooshwa, uzi mdomoni, hana haraka na mtu.

Mchana walipofungua sanduku, maji yalikuwa ya uvuguvugu.

"Hizi zisizo na kompresa zinashusha joto kidogo tu chini ya lile la nje," fundi alieleza. "Nje kukichemka, na ndani hali ni hiyohiyo." Alijitahidi asionekane amefurahi.

Bi Futi akanyoosha kidole chini ya kaunta. "Na ile?"

"Ile ya maonyesho, mama. Kompresa inayo, ubaridi unaupanga mwenyewe. Lakini imegongwa pembe, haina sura."

"Hata mimi sina. Tutaelewana."

Safari hii aliweka chupa mbili, moja chini kabisa ikigusa ukuta wa baridi, nyingine juu karibu na mfuniko. Fundi aliyefunga nyaya za magari tangu ujana wake hakuwahi kuwaza hivyo. Angeweka moja katikati na kuridhika.

"Ya chini ikiganda na ya juu ikipata moto, nitajuaje nikipima katikati?" Bi Futi alisema, akarudi kwenye foronya yake.

Jioni mwenye duka alikuwa akienda garini bila kuitwa, kama mtu anayefuatilia mpira. "Chini nne!" alipaza sauti. "Juu sita! Mama, umeshinda!"

Hapo fundi akaona upenyo wake wa mwisho. Akafungua boneti, akapima betri, akairudisha boneti taratibu.

"Dada, friji ni nzuri. Ubaya uko kwenye betri. Ukizima gari ukalala, haitafika asubuhi. Umeme utakata, na dawa itaharibika umelala. Safari haiwezekani."

Alikuwa amesema kweli, na alijua amesema nusu yake tu.

Bi Futi hakufoka. Alimtazama kama alivyokuwa akitazama kitambaa ambacho mteja amekinunua kifupi.

"Unaogopa nini, mdogo wangu?"

"Naogopa kupigiwa simu na mtu nisiyemjua."

"Hata mimi naogopa. Ndiyo maana nimeshinda hapa tangu asubuhi." Akasogea, akampisha mlangoni mwa gari. "Sasa niambie, inawezekana au haiwezekani?"

Fundi aliona foronya imeisha, imekunjwa vizuri juu ya kiti. Siku nzima dada yake hakuwa amelazimisha kitu. Alikuwa akiuliza, anasubiri jibu, kisha anauliza tena. Yeye ndiye pekee aliyekuwa hajamjibu sawasawa.

"Inawezekana," akasema. "Nikikufungia betri ya pili, ya friji peke yake."

"Itakaa wapi?"

Akapanda garini, akainua godoro, akapiga magoti kuchungulia chini ya kitanda.

"Hapa. Lakini kesho, dada. Nataka nyaya nene, na sitaki unisimamie."

"Nitakusimamia," alisema Bi Futi.