Sauti ya Paulina

Paulina alikuwa akimlisha Bi Khole uji wakati Marhoon, mwana wa kikongwe huyo, alipoingia na kumwambia "tafadhali". Tangu aanze kazi katika nyumba hii ya Sidab, huku Uarabuni, hakuwahi kuambiwa neno hilo. Akashuku hapohapo.

Zamani Marhoon alikuwa mwigizaji, akiwachekesha watu kwenye televisheni mpaka wakaacha kumwita. Sasa, mwaka 2006, alijifungia chumbani na kompyuta, akihutubia kwa Kiarabu kwenye mtandao: wageni wanaimaliza nchi, wafukuzwe. Saa hizo mama yake alikatazwa kusema Kiswahili karibu na mlango. Wasikilizaji hawakujua kwamba mtetezi wao kazaliwa Unguja.

Alitaka mchezo mdogo tu. Paulina aigize mtumishi anayekiri kumtilia bibi yake dawa kwenye chakula.

"Kwa nini nitaje jina langu, bosi?"

"Usije ukajikwaa."

"Na pasipoti yangu?"

Ilikuwa kabatini kwa Marhoon tangu siku aliyofika. Mama yake Paulina alikuwa mgonjwa hoi kwao Singida.

"Ukimaliza tu, unapanda ndege. Wallahi."

Hakumwamini. Akasema hata hivyo. Marhoon, akirekodi, alimrudisha mwanzo mara kadhaa: ashushe sauti, alie kidogo. Kisha mwenyewe, kwa sauti ya kizee isiyo yake, akajifanya mkalimani, akayageuza maneno yale kwa Kiarabu.

Baada ya siku chache Kidawa, mtumishi wa jirani, alimwona dukani akavuka barabara. Paulina akamfuata. Kidawa akasema mabosi wake wamemsikia kwenye kompyuta, wamemkataza kumsogelea.

"Dada, ulimtilia kweli bibi wa watu?"

Paulina alikwenda moja kwa moja kudai pasipoti. Marhoon hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Uende wapi? Umekiri kwa kinywa chako. Nikiwapelekea polisi sauti ile, Singida utaiona?" Akabofya kitufe. "Tena umewapendeza. Ijumaa utakiri uliyowatenda watoto."

Paulina akarudi kwa Bi Khole na bakuli la uji. Mlango wa Marhoon ulikuwa wazi kidogo. Humo ndani, kwenye kompyuta, Paulina mwingine alikuwa akilia, akiomba asamehewe. Bi Khole alisikiliza, midomo kaifumba. Kijiko kilipomfikia, akakisukuma.

"Kula wewe kwanza, mwanangu. Nna khofu."

Paulina akala. Bi Khole akalitazama koo lake mpaka funda likashuka.

"Na kingine," akasema.