Jina Kwenye Kioo cha Treni

Treni ya asubuhi ya Moshi kwenda Arusha ilikuwa imeshaipita Shirimatunda, na Hilda alikuwa akirekodi mwanzo wa filamu, ile sehemu inayopitisha majina kabla hadithi haijaanza. Ilikuwa Julai, baridi imetandaza ukungu kwenye vioo. Rogath, mwongozaji, alitaka hivyo hivyo: kioo chenye ukungu, migomba ikipita nyuma yake kama vivuli, na majina juu yake.

Hadithi yenyewe aliitunga Mektrida, dada yake Hilda, alipokuwa mchumba wa Rogath. Alimsimulia Rogath yote jikoni kwao Kibosho, jioni baada ya jioni, akimenya ndizi. Mektrida alipofariki, Rogath alilia msibani kuliko ndugu. Kisha akatangaza kwamba mtunzi ni yeye. Hilda alinyamaza, kwa kuwa Rogath ndiye aliyempa kazi.

Walipokaribia Rundugai, Mektrida alikuja akaketi dirishani, amevaa gauni alilozikwa nalo.

"Shikamoo, dada," Hilda alisema.

"Marahaba. Humu kuna baridi."

Mkaguzi alifika akanyoosha mkono. "Tiketi?"

"Huyu ni marehemu," Hilda alimweleza.

"Basi mwenye kiti akija, ampishe."

Mektrida aliandika kwenye kioo kwa kidole: *Mtunzi: Mektrida*. Kamera ilikuwa ikirekodi.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Bado anakupakulia chakula."

Mektrida alitazama nje.

Hilda aliporudi mjini Moshi, Rogath aliitazama ile picha, akautambua mwandiko. "Lifute jina hilo," alisema.

Hilda alilifuta kwenye kompyuta, likarudi. Alikata kipande kile, likahamia dirisha la pili. Alipojaribu dirisha la tatu, lilikuwa limeshafika. Rogath hakubishana nalo. Aliagiza jina lake liandikwe juu ya lile, kwa herufi nene nyeupe.

Siku ya kuonyesha filamu, mama yao, ambaye Hilda alikuwa amemsimulia ya kwenye treni, aliteremka kutoka Kibosho, amevaa kitenge chake cha kanisani. Taa zikazimwa, vioo vya treni vikajaa ukuta mzima wa ukumbi. Jina la Rogath lilipotokea, watu walipiga makofi. Mama alisubiri, majina yakaendelea kupita, kisha akamwinamia Hilda.

"La mwenzako linatokea lini?"

"Limeshatokea, mama. Liko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya la Rogath."

Mama aliitazama filamu mpaka mwisho. Rogath alipewa maua, akasimama jukwaani akamshukuru marehemu mchumba wake kwa kumvumilia. Watu wakapiga makofi tena. Baadaye filamu ilipelekwa Arusha, kisha Dar es Salaam, na herufi zile nene vilevile.

Siku ile, nje ya ukumbi, manyunyu yalikuwa yameanza. Mama alijifunika kanga kichwani, akasimama kidogo, akitazama kule kilipo kituo cha treni.

"Mwenzako anakaa upande gani?" aliuliza.

"Upande wa mlima, mama."